Wimbo wa zamani, mudundo mupya



Mwezi ujao kwaya yetu ya Masisi itaimba kule Walikale, na tayari tumegawanyika. Wengine wanataka wimbo wetu wa zamani utiwe mudundo wa dansi. Wengine wanasema: hapana, hiyo ni kufuata modi tu. Basi tueleze.

Kule Uingereza, orkestra ya roki Primal Scream ilimpa Andrew Weatherall wimbo wake wa mwaka 1989. Yeye alibakiza vipande vichache, akatia ngoma za dansi. Ukatoka mwaka 1990 kwa jina ingine, «Loaded», ukawaletea sifa. Hiyo njo rimiksi.

Kwetu Kongo, wanamuziki walijikatia wenyewe. Zaiko Langa Langa, iliyoanza Kinshasa mwaka 1969, iliacha tarumbeta za orkestra za wakubwa. Gita na ngoma zikaongoza. Kanda Bongo Man, akiwa Paris, alifupisha sehemu ya polepole ili sebene ianze mapema, watu wacheze.

Kubadilisha si kosa. Lakini wale walikulia ndani ya muziki walioukata. Sisi hata sauti ya tatu hatujaishika! Tujifunze wimbo kwanza, kiisha tuukate.