Warfarini, Managu na Maumivu ya Mgongo

Mwanafunzi wa famasia huijua warfarini kabla hajamwona mtu anayeimeza. Darasani mambo ni mepesi: dawa huzuia kazi ya vitamini K, damu inachelewa kuganda, na mwenye vali bandia ya kimitambo upande wa mitrali hutakiwa INR yake, yaani kipimo cha kuganda kwa damu, iwe kati ya 2.5 na 3.5. Kazi huanza pale dawa hiyo inapomezwa na mchuma chai wa Bomet.

Wagonjwa wa aina hii hawakosekani huku. Maambukizi ya koo ya mtoto yasipotibiwa huweza kuzaa homa ya baridi yabisi, na miaka baadaye vali za moyo zinaharibika. Hospitali ya Tenwek ya hapa Bomet, iliyoanza kama zahanati ya wamishonari mwaka 1937, sasa hufanya upasuaji wa moyo. Anayewekewa vali ya kimitambo humeza warfarini maisha yake yote.

Mpeleke mwanafunzi kitandani kwa mgonjwa bila kitabu. Atauliza, "Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?" Atajibiwa hakuna, kwa kuwa tembe za maumivu zilizonunuliwa dukani hazihesabiwi kuwa dawa. Afadhali aulize: "Mgongo ukiuma baada ya kubeba kapu la majani, unafanyaje?" Hapo ndipo diklofenaki inapojitokeza, nayo pamoja na warfarini inaweza kumtoa mtu damu tumboni. Mgonjwa akiwa nyanya, mwanafunzi aliyetoka Mombasa aanze kwa kumwita "kogo", kisha amwombe muuguzi amtafsirie Kikipsigis.

Halafu kuna mboga. Mvua ikinyesha, managu na saga hujaa sufuriani, vitamini K inapanda, INR inashuka, na damu huweza kuganda kwenye vali. Anayemwambia mgonjwa aache mboga bado hajaiva. Ale, ila kiasi kile kile kila wiki.

Shahada ya famasia Kenya ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Eldoret, wafamasia wa Hospitali ya Rufaa ya Moi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wamekuwa wakiendesha kliniki ya warfarini, na wanafunzi hujifunzia humo. Kwingine mwanafunzi huachwa kwenye dirisha la kutolea dawa akihesabu tembe wiki nzima nzima. Siku chache za dirishani zinatosha. Apewe mgonjwa mmoja, amfuate tangu anapolazwa hadi anaporuhusiwa, na kabla kitabu chake cha mafunzo hakijatiwa saini aulizwe: INR ijayo mgonjwa wako ataipimia wapi, na nauli ataipata wapi?