Nilivyoua injini ya mathe kwa filta ya mia tatu

Wewe unayesoma hii ukiwa kwa kiti cha dereva ukingoja mzigo pale Marikiti, ama wewe ambaye mzazi amekuachia pikapu ulete unga nyumbani, nipe dakika chache kabla hujaenda sevisi nyingine. Haya mambo mimi niliyalipia bei kali. Wewe yasome bure.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nami nikachoka kuzungushwa siku za mtihani. Mathe hakunigombeza. Alichukua mkopo wa Sacco, akanunua Toyota Hilux Vigo ya mtumba, dizeli ya lita 2.5, ile injini mafundi wanaiita 2KD. Akanikabidhi funguo na kuniambia, "Hili ndilo shamba lako. Ukililima vizuri, dadako atamaliza shule." Nikaanza kubeba viazi na kabeji kutoka Kinangop. Natoka Nairobi jioni, alfajiri niko sokoni napakua.

Sasa hapa ndipo aibu yangu inaanzia. Kila sevisi mathe alikuwa ananitumia pesa za oili na filta za maana. Siku moja niko Kirinyaga Road, pale Grogan, msee mmoja akanionyesha filta ya Sh300. Boksi lake lilifanana kabisa na la ile ya Sh1,400. "Buda, kitu ni ile ile, unalipia jina tu." Nikachukua. Na oili nikabeba mitungi ya bei ya kutupa, maana nilishaonja utamu wa kubakisha. Nikabaki na kama ngiri mbili na nusu mfukoni. Hizo nilizila wikendi hiyo hiyo, sitakuficha.

Wiki mbili baadaye, nikiwasha gari asubuhi injini inalia ka-ka-ka-ka kwa sekunde kadhaa, kisha inanyamaza. Nikajiambia ni baridi ya Kinangop. Mwezi wa pili, niko kwa mlima karibu na Flyover na mzigo mgongoni, ile taa nyekundu yenye umbo la birika ikawaka. Kabla sijapata mahali pa kuegesha, injini ilikuwa inagonga kama mtu anayepiga mlango kwa nyundo. Nikazima. Haikuwaka tena.

Fundi alipoikata ile filta kwa msumeno tulikuta karatasi ya ndani imepasuka na gundi imeachana. Vipande vilikuwa vimeingia kwenye njia za oili, na beringi za krenki zilikuwa zimekauka hadi zikasagika. Alipofungua sampu, oili ilikuwa nzito kama uji uliolala, imeziba chujio la pampu. Injini nyingine ya mtumba pamoja na kazi ya fundi zilikula zaidi ya laki mbili. Gari lilikaa juu ya mawe wiki saba. Muhula huo dadangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Hizo wiki saba nilikaa kwa garaji nikiuliza maswali kama mtoto. Hiki ndicho nilichojifunza.

Soma namba za mtungi

Ukiangalia mtungi wa oili utaona kitu kama 15W-40, 10W-30 au 20W-50. Wengi wetu tunadhani namba kubwa ni nguvu zaidi. Sivyo. Hizo ni namba za SAE, na zinapima uzito wa oili, yaani inavyotiririka.

Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi, na W yenyewe inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Kadiri namba hiyo ilivyo ndogo, ndivyo oili inavyofika haraka kwenye injini unapowasha gari likiwa baridi. Namba ya pili inahusu oili ikiwa moto, na hupimwa kwa nyuzi 100. Oili ya 50 ni nzito kuliko ya 40 injini ikishachemka.

Hapa kwetu hatuna theluji ya kuhangaisha mtu barabarani. Oili ya 15W hupimwa ikiwa bado inaweza kusukumwa na pampu hata kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sufuri. Kinangop hakufiki huko hata Julai. Ndiyo maana 15W-40 imekuwa chakula cha kawaida cha pikapu nyingi za dizeli humu nchini, kuanzia Hilux hadi Isuzu.

Lakini usikremu. Injini mpya zimetengenezwa na nafasi finyu sana kati ya vyuma, na nyingine zinataka oili nyepesi kama 5W-30. Ukiweka 20W-50 humo eti "iwe nzito, ilinde," oili itachelewa kufika kwenye tabo kila unapowasha. Tabo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Sekunde mbili bila oili, hapo ni shida. Ile 20W-50 iachie injini ambayo kitabu chake kinairuhusu, mara nyingi zile za zamani.

Kwa hivyo kitabu cha gari ndicho bosi. Kama gari lilikuja bila kitabu, tafuta kwa intaneti kwa jina la injini, kwa sababu Hilux ya 3L ya zamani na Hilux ya juzi ni watu wawili tofauti.

Herufi mbili tunazozirukia

Chini ya namba kuna herufi za API. Zikianza na S, kama SN au SP, oili hiyo imetengenezewa petroli. Zikianza na C, kama CF-4, CH-4, CI-4 au CK-4, ni ya dizeli. Herufi ya pili inaonyesha kizazi: CI-4 ilikuja 2002, CK-4 ikaja mwisho wa 2016. Kwa kawaida kizazi kipya kinaweza kufanya kazi ya kile kilichotangulia, lakini cha zamani hakiwezi kubeba kazi ya kipya.

Mbona tofauti hiyo? Dizeli inatoa masizi mengi. Oili ya dizeli ina dawa za kuyashika masizi hayo yaelee, yasigande. Ndiyo sababu oili ya dizeli inageuka nyeusi siku chache tu baada ya sevisi. Usishtuke, hiyo ni kazi inafanyika. La kushtua ni oili iliyo kama chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, maana yake maji yameingia. Ama kiwango cha oili kupanda chenyewe na kunuka dizeli. Ukiona hivyo, zima gari, mwite fundi.

Jambo jingine: pikapu za kisasa zenye chujio la moshi kwenye ekzosi, lile linaloitwa DPF, zinataka oili yenye majivu kidogo. Ukiweka ya kawaida, majivu yanaziba chujio hilo polepole, na bei yake itakufanya ukae chini.

Ya kawaida ama sintetiki?

Oili ya madini, yaani ya kawaida, huchoka mapema. Sintetiki hustahimili joto na hukaa muda mrefu, lakini bei yake ni juu. Injini kama ya kwetu inameza karibu lita 7, kwa hivyo hesabu inauma.

Mimi natumia ya kawaida, 15W-40 CI-4, na nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kuombwa. Mzigo mzito, milima, vumbi na foleni ya Thika Road vyote vinahesabika kama kazi ngumu, hata kama kilomita ni chache. Ukiwa na sintetiki unaweza kwenda mbali zaidi kama kitabu kinavyosema. Lakini bora ya kawaida halali inayobadilishwa kwa wakati kuliko sintetiki unayoikalia mwaka mzima ukijisifu.

Filta tatu, kazi tatu

Filta ya oili ndiyo iliyonizika. Ndani yake kuna karatasi ya kuchuja na vali mbili. Moja ni ya mpira, inazuia oili isirudi chini gari likiwa limezimwa. Ikiwa feki, oili yote inashuka usiku, na asubuhi unasikia ile ka-ka-ka-ka niliyoipuuza. Vali ya pili inafunguka filta ikiziba, ili injini isikose oili kabisa. Hapo injini inapata oili, ila ni oili chafu isiyochujwa. Ndiyo maana kubadilisha oili na kuacha filta nzee ni sawa na kuoga halafu unavaa shati la jana.

Filta ya dizeli inashika uchafu na maji. Pampu na nozeli za injini za kisasa zinafanya kazi kwa presha kubwa ajabu, na tone la maji linaweza kuziharibu. Filta nyingi zina kifundo cha chini cha kumwaga maji. Kifungue mara kwa mara, hasa ukiwa umejaza dizeli mahali usipopaamini. Taa yake ikiwaka kwa dashibodi, usisubiri kesho.

Filta ya hewa ndiyo tunaidharau, na sisi wa barabara za vumbi ndio tunaihitaji zaidi. Vumbi likipita linasugua tabo, silinda na ringi kama msasa. Ipulize kwa presha ndogo kutoka ndani kwenda nje, usiifanye kinyume. Kisha weka tochi ndani: ukiona mwanga unapenya kwa tundu, itupe. Na usikubali kuambiwa upulize filta moja miaka miwili.

Kukwepa feki

Feki nyingi huanzia kwa mitungi yetu wenyewe. Kuna watu wananunua mitungi mitupu kwa magaraji, wanajaza oili iliyotumika ikachujwa, wanafunga upya. Kwa hivyo ukimaliza sevisi, toboa mtungi wako kabla hujautupa.

Unaponunua, angalia kifuniko. Ile pete ya chini iwe haijakatika, na karatasi ya ndani iwe imeshika sawasawa. Tarehe na namba ya toleo ziwe zimechapwa, zisitoke ukisugua kwa kidole. Bidhaa inayotengenezwa hapa iwe na alama ya KEBS yenye namba ya kibali. Tuma SM# ikifuatwa na namba hiyo kwa 20023, ujibiwe kama ni ya kampuni hiyo kweli.

Kwa filta, shika mkononi. Halali huwa na uzito wake. Chungulia matundu: mpira uwe laini, si mgumu kama plastiki, na mikunjo ya karatasi iwe mingi na iliyonyooka. Sisemi lazima ununue yenye nembo ya gari lako. Kuna kampuni za filta za nje zinazotengeneza vitu fiti kwa bei nafuu. Ninachosema ni hiki: nunua kwa duka linalokupa risiti na unaloweza kurudia. Yule msee wa filta ya mia tatu nilimtafuta siku tatu. Hata meza yake sikuipata.

Siku ya sevisi

Simama hapo. Usiende kunywa chai. Hakikisha mpira wa filta nzee umetoka nayo, kwa sababu ukibaki na mpya ukawekwa juu yake, oili yote itamwagika barabarani. Mpira mpya upakwe oili kidogo, filta ikazwe kwa mkono. Jaza oili, washa gari dakika moja, zima, subiri kidogo, kisha pima. Iwe kati ya alama mbili za kijiti. Kujaza kupita kiasi nako ni hasara. Mwisho chukua maka, andika tarehe na kilomita juu ya filta. Na oili chafu iachie garaji, usiimwage kwa mtaro.

Mathe nilimwambia ukweli wiki ya nne, gari likiwa bado juu ya mawe. Ngiri mbili na nusu. Alinyamaza kwa muda mrefu, akaendelea kuchambua mboga. Kisha akauliza, "Ungeniomba, si ningekupa?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Mkopo tunaulipa hadi sasa. Dadangu alirudi shule, akapata kurudia mitihani aliyoikosa. Kila nikimaliza sevisi, napeleka filta nzee nyumbani ndani ya karatasi ya nailoni. Mathe anaivalia miwani, anasoma tarehe niliyoandika, anahesabu kilomita kwa vidole. Hajui filta inafanya kazi vipi, lakini tangu siku ile hajawahi kukosa kuikagua, nami sijawahi kumwambia aache.