Mkono wa Karani Nao Una Haki

Ajali ya kazini ina sura inayojulikana na kila mtu. Mchukuzi huangukiwa na gunia, seremala hukatwa na msumeno, fundi huteleza juu ya paa. Damu huonekana, mashahidi huwapo, na siku ya ajali hutajwa. Lakini liko jeraha jingine lisilo na damu, wala shahidi, wala siku. Hilo ni jeraha la mkono wa karani. Tunapenda kulizungumza leo mbele ya wasomaji wetu wa Visiwani, na hasa mbele ya viongozi wa idara za Serikali, kwa sababu haki ya mfanyakazi huyu imekwisha kuingia katika sheria, ila bado haijaingia katika mazoea yetu.

Tulikumbushwa jambo hili tulipokuwa safarini Bara, mkoani Lindi. Tulifika Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, katika msimu wa korosho. Kila mtu alikuwa akiokota, akianika au akifunga magunia. Ila mama mmoja wa makamo alikaa barazani kwa ndugu zake, mkono wa kulia ameuweka juu ya paja kama mtu aliyebeba kitu cha kuazima. Tulipomuuliza hali, alitueleza kuwa kwa miaka mingi alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Asubuhi aliandika stakabadhi kwa mkono, akikandamiza kalamu ili maandishi yapenye karatasi za kaboni. Mchana aliingiza hesabu zile zile katika kompyuta. Kwanza vidole vilikufa ganzi usiku. Baadaye akashindwa kufunga kifungo cha nguo, na kikombe kikawa kinamponyoka.

Alipokwenda kudai fidia, mkuu wake wa kazi alimuuliza swali moja tu: “Uliumia siku gani?”

“Baba,” alituambia, “ningekatwa na panga ningekuwa na siku ya kutaja. Mimi nimeumia kila siku, na kila siku nilisaini daftari la mahudhurio.”

Jawabu hilo lina hoja nzito, na dunia ilikwisha kuijua zamani. Tabibu wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700, na katika chapa ya mwaka 1713 akaongeza habari za makarani. Alitaja mambo matatu yanayowadhuru: kukaa kutwa, kuuchezesha mkono bila kupumzika na kwa namna ile ile, na akili kukazwa isije ikakosea hesabu. Alisimulia juu ya mwandishi mmoja aliyepooza mkono wa kulia kwa kuandika. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, nao haukukaa muda ukashikwa na maradhi yale yale. Tabibu huyo ndiye aliyewahimiza waganga wenzake wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani.

Huko Uingereza, maradhi ya mkono yaliyowapata wapiga simu za maandishi yaliingizwa katika orodha ya magonjwa ya kulipiwa fidia mwaka 1908. Na Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake iliyorekebishwa mwaka 2010, limetaja maradhi ya kano na ya mshipa wa fahamu wa kifundo cha mkono yanayotokana na kurudiarudia kazi kwa nguvu au kwa mkao mbaya. Basi asitokee mtu akasema kuwa haya ni malalamiko mapya ya watu wa kompyuta.

Yafaa ieleweke pia jinsi maradhi hayo yanavyotokea. Katika kifundo cha mkono kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na utando mgumu. Humo hupita kano tisa za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Ngozi laini za kano zikivimba, njia haipanuki, mshipa hubanwa. Ndipo kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete huanza kufa ganzi, na mara nyingi maumivu huzidi usiku. Mshipa ukibanwa muda mrefu, misuli ya chini ya kidole gumba hupungua na mkono hukosa nguvu ya kushika.

Kwa upande wa Bara, sheria haikumsahau mtu wa namna hii. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu ajali na vile vile magonjwa yatokanayo na kazi. Chini yake uliundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na waajiri, wala mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Kabla ya hapo ilitumika sheria ya wakati wa ukoloni, ambayo fidia yake ya ulemavu wa kudumu ilifika mahali ikawa haizidi Sh. 108,000. Sasa mfanyakazi hupata matibabu. Akishindwa kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Na akipata ulemavu wa kudumu hupimwa kiwango chake na kulipwa kwa kadiri hiyo. Madai yanatakiwa yapelekwe ndani ya miezi 12.

Hapo ndipo penye tatizo. Maradhi yanayoingia polepole humwibia mgonjwa muda. Karani huvumilia mwaka wa kwanza, hujipaka mafuta mwaka wa pili, na anapokuja kusema, hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kuwa aliwahi kulalamika.

Tunakiri kuwa wapo wanaotilia shaka madai haya, na shaka zao si za kupuuzwa. Ganzi ya mkono huweza kuletwa na kisukari, ujauzito, au maradhi ya tezi ya shingo. Wataalamu wenyewe hawajaafikiana kama kupiga kompyuta peke yake kunatosha kuuharibu mshipa ule. Ushahidi ni mzito zaidi kwa kazi inayorudiwa kwa kutumia nguvu. Lakini shaka ni sababu ya kuchunguza, si sababu ya kulitupa faili. Daktari apime, aulize kazi ya mtu, saa zake na miaka yake, kisha ndipo aamue. Kumfukuza mgonjwa mlangoni kwa swali la “siku gani” si uchunguzi.

Na sisi wa Visiwani je? Mambo ya kazi si ya Muungano, na Zanzibar ilitunga Sheria yake ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 1986, ikairekebisha mwaka 2005. Mwaka huo huo ikatungwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hatuna pa kuanzia. Lakini tuingie katika ofisi zetu wenyewe. Tutawakuta makarani wanaochapa juu ya meza iliyokusudiwa kulia chakula, na viti vilivyovunjika migongo. Wengine huchapa tangu asubuhi hadi alasiri bila kunyanyuka, kwa kuwa mkuu anasubiri ripoti. Meza ya kimo kinachofaa na dakika chache za kupumzisha mkono ni rahisi kuliko fidia.

Tunawaomba viongozi wa idara mambo matatu. Kwanza, kila ofisi iwe na daftari la kuandikia maumivu, kama lilivyo la mahudhurio, na mfanyakazi aandikwe siku ile ile anapoanza kulalamika. Pili, anayelalamika apelekwe kwa daktari na barua inayoeleza kazi yake. Tatu, maafisa kazi wanapokagua viwanda na bandari, wasizipite ofisi wakidhani kivulini hakuna hatari. Nao wafanyakazi wasione haya kusema mapema.

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kuwa ujira wa mtu usicheleweshwe hata jasho lake likakauka. Jasho la karani halionekani, lakini ndilo lililoandika mishahara ya wengine wote. Yule mama wa Mkotokuyana hakuomba sadaka. Tulipomuaga alitupa mkono wa kushoto, akatuomba radhi kwa kutupa mkono huo. Aliyestahili kuomba radhi si yeye.