Santuri za Sauti ya Chini

Wapenzi wengi wa muziki hapa Mwambao wanadhani kwamba nyimbo za Kizungu ni makelele matupu, na kwamba mtu akitaka maneno ya kumtuliza moyo hana budi kurudi kwenye taarab. Kwa yale yanayopigwa ndani ya matatu, siwalaumu. Lakini liko kundi jingine la waimbaji ambao hutunga wenyewe, hupiga gitaa wenyewe, na aghalabu santuri zao hutolewa na kampuni ndogo zisizo na pesa za kujitangaza. Hao nimekuwa nikiwasikiliza kwa miaka kadhaa, na leo ningependa kusema ni nani anayestahili sifa na nani amepungukiwa.

Naanza na Arooj Aftab, kwani huyu ndiye aliye karibu zaidi na sikio letu. Ni Mpakistani aliyelelewa Riyadh na Lahore, akaenda kusomea muziki Boston katika chuo cha Berklee, kisha akafanya makao Brooklyn, New York. Santuri yake Vulture Prince ilitoka 2021. Alipokuwa akiitengeneza alifiwa na mdogo wake wa kiume, na kazi yote ikageuka kuwa tanga. Hapo alifanya jambo ambalo wengi wasingethubutu: aliondoa ngoma karibu zote. Kilichobaki ni kinubi cha Maeve Gilchrist, gitaa, fidla, na sauti nzito inayokwenda polepole kama mtu anayepita ukumbini usiku asitake kuamsha watoto.

Wimbo uliomtoa ni "Mohabbat", ghazali ya Hafeez Hoshiarpuri ambayo wazee wa Pakistan waliizoea kwa sauti ya Mehdi Hassan. Bibi huyu hakumwiga. Mehdi Hassan hulipamba neno, akalizungusha, akalirudia. Aftab huliacha likae, kinubi kikapita pembeni yake. Aprili 2022 wimbo huo ulimpatia tuzo ya Grammy, akawa mwanamke wa kwanza wa Kipakistani kuipata.

Mtu wa Mombasa hahitaji kujua Kiurdu ndipo aonje utamu wake. Masikio yetu yalizoezwa na marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, ambaye nyingi ya nyimbo zake zilipanda juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi. Tofauti ni kwamba Bhalo alikuwa na tabla ya kumsukuma. Hapa hakuna kinachosukuma. Rafiki yangu mmoja niliyemsikilizisha alingoja, akangoja, halafu akauliza ngoma itaingia lini. Nikamwambia haiingii. Alinyamaza, na wimbo ulipokwisha akaomba urudiwe.

Santuri yake ya 2024, Night Reign, ilitolewa na Verve, kampuni kubwa. Humo ameimba maneno ya Mah Laqa Bai Chanda, malenga wa kike wa Hyderabad wa karne ya 18, na "Na Gul" ni mzuri mno. Hata hivyo nadhani studio imemlainisha kupita kiasi. Katika "Raat Ki Rani" sauti yenyewe imepitishwa mtamboni, na sikuona haja. Kuna pia wimbo uitwao "Whiskey". Ghazali zina mvinyo tangu zamani, na wajuzi hutwambia kuwa ni fumbo. Huu si fumbo, ni pombe ya chupa. Mimi huuruka.

Adrianne Lenker, Mmarekani, sitamzungumzia kwa urefu. Mwaka 2020, safari zake za kuimba zilipokatizwa na maradhi ya korona, alijitenga katika kibanda cha mbao huko Massachusetts akarekodi santuri aliyoiita songs, kwa kanda za sumaku za mtindo wa zamani. Ni kazi safi, ila nyimbo zake zinafanana, na ukifika ya sita hukumbuki ya tatu.

Sufjan Stevens ni habari nyingine. Jina hilo lisikudanganye: ni Sufyan lile lile, lakini mwenyewe ni Mkristo, na wazazi wake walikuwa katika Subud, kundi la kiroho lililoanzia Indonesia. Santuri yake Carrie & Lowell ya 2015 inamhusu mama yake, Carrie, aliyewaacha watoto wangali wadogo na ambaye alifariki 2012. Sisi tuliolelewa tukiambiwa kwamba radhi iko kwa mama, tunaulizaje swali hili: mama akimtupa mwana, nani amtake nani radhi? Stevens halikwepi. Katika wimbo wa kwanza anamsamehe, na katika zile zinazofuata anaonekana wazi kwamba msamaha huo haukumtosha, anamtafuta bado. Hakuna mayowe. Gitaa linadonolewa, sauti ni ya kunong'ona. Nimeisikiliza baada ya mazishi zaidi ya moja. Javelin, aliyoitoa 2023, ina waitikiaji wengi na ufundi mwingi, nami naiheshimu tu.

Wa mwisho ni Yusuf Islam, aliyekuwa Cat Stevens. Aliposilimu Desemba 1977 aliziacha nyimbo za aina hiyo, akapiga mnada magitaa yake kwa ajili ya sadaka, na hakurudi kwenye santuri za kawaida hadi 2006. Khitilafu za maulamaa juu ya ala zinajulikana, nami si mtu wa kuamua. Nasema juu ya nyimbo tu. King of a Land ya 2023 ina nia njema, lakini baadhi ya nyimbo zake ni nyepesi kama za chuo cha watoto.

Isikilize badala yake santuri ya 2020, ambamo alizirudia nyimbo zake za 1970. Katika "Father and Son", baba na mwana hubishana: mwana ataka kuondoka, baba ataka angoje. Zamani aliimba sehemu zote mbili akiwa kijana. Safari hii maneno ya mwana ni sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa 1970, na anayemjibu ni yeye huyo huyo, mzee wa miaka sabini na zaidi.