Karakana zinazowaondolea wazee upweke Australia

Mkulima wa Australia anapomkabidhi mwanawe shamba na kuhamia mjini, hupoteza kitu kimoja ambacho hakiandikwi kwenye hati yoyote ya urithi. Kitu hicho ni banda lake la zana.

Hapo ndipo alipokuwa akichomelea geti, kufungua pampu iliyokwama na kunoa mikasi ya kukatia manyoya ya kondoo. Jirani alifika kuomba bolti moja, akakaa saa nzima. Hakuna aliyeuita ukaaji huo mazungumzo, lakini mambo ya madeni, mvua na maradhi yalisemwa humo.

Katika miaka ya 1990 wanaume wengi walijikuta nje ya mabanda na viwanda vyao kwa mkupuo. Februari 1991 mpango wa kulinda bei ya sufu uliporomoka. Chini ya mpango huo, sufu iliyokosa mteja kwa bei ya chini iliyopangwa ilinunuliwa na kuwekwa ghalani, hadi yakarundikana marobota zaidi ya milioni 4. Bei ilipoachwa ifuate soko ikaanguka, na wafugaji wa kondoo wakaumia.

Wakati huohuo uchumi wa nchi ulidorora. Aliyeachishwa kazi akiwa na zaidi ya miaka 50 aliona vigumu kupata nyingine. Kisha Julai 2000 udhibiti wa bei ya maziwa ukaondolewa, na wafugaji wengi wadogo wakaachana na biashara hiyo.

Ni katika muongo huo ndipo karakana za pamoja za wanaume, zinazojulikana huko kwa jina la Men's Sheds, zilipoanza. Mojawapo ya zile za mwanzo ilifunguliwa mwaka 1993 huko Goolwa, mji mdogo ulio karibu na mdomo wa mto Murray, kwa juhudi za mwanamke, Maxine Chaseling. Julai 1998 ikafuata ya Tongala, mji wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kaskazini mwa jimbo la Victoria, iliyopewa jina la Dick McGowan aliyelipigania wazo hilo. Mwaka huohuo Lane Cove, mjini Sydney, nako kukafunguliwa karakana.

Chama cha kitaifa kiliundwa mwaka 2007, na leo nchi hiyo ina karakana zaidi ya 1,000. Mwaka 2010 serikali iliziingiza katika sera yake ya afya ya wanaume na kuanza kuzipa ruzuku ndogo za vifaa.

Siri yake ni nyepesi. Mwanaume mzee akiitwa kwenye kikao cha kuzungumzia upweke, haendi. Akiambiwa kuna kiti kimevunjika mguu na hakuna anayejua kuutengeneza, anavaa kofia na kutoka. Akishafika, anapiga randa bega kwa bega na mwenzake, macho yote yakiwa kwenye ubao, na maneno yanakuja yenyewe. Hata msomaji aliyewahi kukaa kwa fundi baiskeli akisubiri tairi lizibwe anaifahamu hali hiyo.

Upande wa hesabu unavutia zaidi. Gharama kubwa ya karakana yoyote ni jengo, mashine na mishahara. Hapa jengo mara nyingi ni la halmashauri au kanisa, linalokodishwa kwa bei ndogo sana. Mashine nyingi hutolewa bure, nyingine na wajane wasiojua wafanye nini na zana za marehemu. Mshahara kwa kawaida haupo, kwa sababu kazi ni ya kujitolea.

Kinachobaki ni umeme, misumeno, msasa na bima. Bima si jambo dogo, maana mzee wa miaka 75 anasimama mbele ya msumeno wa umeme unaoweza kuondoa vidole. Ndiyo sababu mgeni hufundishwa kila mashine kabla ya kuigusa, na pombe hairuhusiwi.

Fedha hutoka kwenye ada za wanachama na mauzo ya mabenchi ya bustani, vitu vya kuchezea watoto na baiskeli zilizokarabatiwa. Chanzo kingine ni soseji. Maduka ya vifaa vya ujenzi ya Bunnings huvipa vikundi vya jamii nafasi ya kuchoma soseji mlangoni siku za mwisho wa wiki, na faida hubaki kwa kikundi. Bei ya soseji moja ndani ya kipande cha mkate ilikuwa dola 2.50 za huko kwa miaka mingi, ikapanda hadi 3.50 mwaka 2022.

Faida ya afya nayo huja kwa mlango wa nyuma. Mpango wa Pit Stop, ulioanzia Australia Magharibi, humpima mwanaume kama gari. Shinikizo la damu huitwa presha ya oili, kiuno huitwa chesisi na uvutaji sigara huulizwa chini ya ekzosi. Wanaume waliokwepa zahanati kwa miaka wanapanga foleni wakicheka.

Hata hivyo, yapo ya kuhoji. Tafiti nyingi zinazosifu karakana hizi zimewauliza wanachama wenyewe, na aliyeko ndani ni yule aliyeweza kutoka nyumbani. Mwenye upweke mkali zaidi, asiye na usafiri au aliyezama katika majonzi, huenda hajawahi kufika mlangoni. Takwimu za Australia zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanaume wenye miaka 85 na zaidi wana kiwango cha juu mno cha kujiua, na hao ni watu ambao wengi wao hawawezi tena kusimama kwenye mashine.

Pia kuna mvutano wa biashara. Karakana ikianza kupokea oda nyingi, inageuka kiwanda chenye tarehe za kukabidhi mzigo, na mzee aliyekuja kupumzika anajikuta ana bosi tena. Seremala wa mjini, anayelipa kodi ya pango na mshahara, naye ana haki ya kulalamika meza inapouzwa kwa bei isiyohesabu nguvu kazi. Baadhi ya karakana kwa hiyo hukataa kazi ambazo fundi wa eneo hilo angezifanya, na kuchukua zile tu asizozitaka, kama mguu mmoja wa kiti cha zamani ambao malipo yake hayafidii hata muda wa kuukagua.