BUIBUI WADOGO WA MAJANI MAKAVU

Mkulima afyekaye shamba kando ya msitu, mara nyingi huyakusanya majani makavu akayatia moto, akidhani ni takataka tu. Walakini ndani yake wamo wanyama wadogo wengi, na miongoni mwao buibui ambao watu wachache sana wamewahi kuwaona. Yafaa tuwajue kabla ya kuwateketeza.

1. Namna ya kuwatambua. Chukua majani yenye unyevu, uyachekeche juu ya kitambaa cheupe, kisha ungoje kidogo. Mwenye miguu sita ni mdudu. Mwenye miguu minane, na kiuno kati ya sehemu mbili za mwili, ni buibui. Jamaa moja yao huitwa Oonopidae, jina lililotolewa na mtaalamu Mfaransa Eugène Simon mwaka 1890. Urefu wao kwa kawaida ni milimita 1 hadi 3, mfano wa punje ya ulezi. Buibui wengi wana macho manane, bali hawa kwa kawaida wana sita, na wengi wana ngao ngumu tumboni. Hawategi kwa utando. Huwinda vijidudu kwa kutembea.

2. Aina zao. Hufanana mno, hata mtaalamu hana budi kuvitazama viungo vyao vya uzazi kwa hadubini. Mwaka 2006, wataalamu wa nchi mbalimbali walipoanza kuwachunguza kwa pamoja, aina zilizokwisha kupewa majina zilikuwa kama 500. Leo zimepita 1,800.

3. Hatari iliyopo. Misitu ya milima ya Usambara na Uluguru imetengana kama visiwa baharini. Kwa hiyo wako buibui wa majani makavu wapatikanao katika mlima mmoja tu, wala hawapo penginepo duniani. Msitu wao ukiteketea, aina hiyo imekwisha.

4. Impasayo mkulima. Hatusemi kwamba buibui hawa watamaliza wadudu waharibifu wa shamba. Lakini majani yawahifadhio ndiyo yahifadhiyo udongo: huzuia mvua isiuchukue, hutunza unyevu, na yakioza huwa mboji. Basi usiyachome. Yatandaze chini ya migomba na mikahawa, na yale ya ukingo wa msitu uyaache palepale yalipoanguka. Moto huyamaliza kwa saa moja. Udongo ulioachwa wazi huchukuliwa na mvua ya kwanza, na mwenye hasara ni mkulima mwenyewe.