Thabeet: Kutoka chuo kikuu hadi NBA

KIJANA wa Tunduma anayetamani kucheza mpira wa kikapu Marekani hana budi kuijua njia ya Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Mzaliwa huyo wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu kuanzia mwaka 2006, akisifika kwa kuzuia mitupo ya wapinzani.

Mwaka 2009 chuo hicho kilifika nusu fainali ya taifa, na Memphis Grizzlies ikamsajili akiwa chaguo la pili miongoni mwa wachezaji wapya.

Hata hivyo, Februari 2010 alipelekwa ligi ya chini kuongeza uzoefu. Baadaye alipitia Houston, Portland na Oklahoma City, na kucheza NBA kwa mara ya mwisho mwaka 2014.

Chuo humfikisha mchezaji katika ligi, lakini nafasi uwanjani huitafuta upya.